Chumba cha Mwisho cha Mchukuzi

Mdogo wangu hana hasira. Naliweka hilo wazi mapema, ili mjue kwamba hasira yote iliyomo humu ni yangu. Yeye mtu akimkanyaga mguu kwenye foleni, yeye ndiye anayeomba radhi. Mimi ukinikanyaga nitakukumbuka mpaka rangi ya viatu. Tumetoka tumbo moja, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa, na nilipoachika nikarudi kulala chumba kilekile, lakini likija suala la kusamehe watu huwezi kudhani hata tunajuana.

Kwa hiyo alipotendewa alivyotendewa, ilibidi mtu akasirike kwa niaba yake. Niliichukua kazi hiyo kwa moyo wote na sijawahi kuomba likizo.

Kazi yake ya mchana ni mpangaji wa kurasa gazetini. Wenzake wanaleta habari ndefu kuliko nafasi, yeye anazibana. Wanaleta picha ya waziri amefumba macho, yeye anatafuta nyingine. Lakini kila wiki, kwenye ukurasa wa vijana, chini ya chemshabongo, ana kisanduku chake mwenyewe. Humo anaeleza magemu mapya ya kompyuta: lipi linafaa, lipi ni upuuzi uliofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Anasaini kwa jina la Kidole Gumba. Wasomaji wengi wanaamini Kidole Gumba ni mwanamume, tena mvulana wa shule asiyependa kuoga. Wanamwandikia "kaka". Yeye anacheka tu na kuwajibu.

Magemu hayo anayachezea kwenye karakana yangu. Mimi ni fundi cherehani, na meza yangu ya kukatia nguo ndiyo meza pekee pana tuliyo nayo. Anaweka kompyuta upande mmoja, anakunja miguu juu ya stuli, na ulimi unamtoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akiwa hivyo unaweza kumwambia nyumba inaungua na akakujibu, "Sawa, dada."

Kwenye meza hiyo hiyo ndiko ilikozaliwa gemu ya Mchukuzi.

Wakati huo, kabla hajapewa kisanduku chake gazetini, alikuwa na mchumba. Jina lake sitalitaja, limetajwa vya kutosha redioni. Hapa kwetu anaitwa Yule. Yule alikuwa anajua kuandika programu, yaani kukifanya kitu kidogo kikimbie na kuruka kwenye kioo unapobonyeza. Hilo simnyimi. Lakini kitu kinachokimbia bila mahali pa kukimbilia ni kama kuku aliyepotea, na mahali pa kukimbilia alipatengeneza mdogo wangu.

Gemu yenyewe ni rahisi kuieleza hata kwa mtu kama mimi. Yote unaiona kwa ubavu, bapa, kama kitambaa kilichotandikwa ukutani. Kuna kijitu kimebeba sanduku kichwani. Kinaingia chumbani upande wa kushoto na kinatakiwa kitokee mlango wa kulia. Kikiwa na sanduku kichwani hakiwezi kuruka juu, kwa hiyo inabidi ulitue, ulipande, usukume, uvute, ufikiri. Na kuna sheria moja tu ya kukutoa jasho: mlango haufunguki mpaka mchukuzi afike akiwa na sanduku lake. Ukilitumia kama ngazi ukaliacha nyuma, umekwama.

Mdogo wangu alikuwa anavichora vyumba hivyo kinyumenyume. Anaanza na mlango wa kutokea, anajiuliza mchukuzi alikuwa amesimama wapi kabla hajafika hapo, na kabla ya hapo je, mpaka anafika mlango wa kuingilia. Alikuwa anatumia mabaki ya vitambaa vyangu: chekundu mlango, buluu maji, cheusi shimo. Mteja amekaa anasubiri gauni la harusi ya binti yake, na mimi nashindwa kukata kwa sababu juu ya meza yangu kuna shimo. Akimaliza, Yule anakuja, ananiita shemeji, anakunywa chai yangu yenye sukari yangu, kisha anakiingiza chumba kwenye kompyuta. Hata hakuwa anakijaribu. "Chumba akikichora huyu kinapitika," alikuwa akiwaambia marafiki zake, kwa majivuno, kama mtu anayesifia saa yake ya mkononi.

Vipo vilivyomshinda pia. Hivyo aliviweka pembeni humo humo kwenye kompyuta ya Yule. Mdogo wangu hafuti kitu, hata meseji za watu waliokosea namba.

Mchukuzi ilipotoka ilipendwa kuliko tulivyotarajia. Watu waliicheza kazini, darasani, chooni. Ukimaliza chumba cha mwisho majina yalikuwa yanapanda. Jina la Yule lilipanda peke yake, kubwa, limejaa kioo kizima: amebuni, ametengeneza, amechora. Yalifuata majina ya wanaoshukuriwa, kwa herufi za kusomea na tochi, na humo ndimo alimokuwa mdogo wangu, kati ya mama mwenye nyumba wa Yule na jamaa fulani aliyewaazima spika.

Mdogo wangu alimuuliza Yule. Nilikuwepo, nilikuwa napiga pasi.

"Lakini wewe ulisaidia tu, mpenzi," Yule alisema. "Injini yote ya gemu nimeiandika mimi. Kuchora vyumba kila mtu anaweza."

Mdogo wangu akavua pete akaiweka mezani, karibu na mkasi. Yule akaondoka na pete na kompyuta, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya kwake, na vyumba vyote vikaondoka naye humo ndani. Nilitaka kumtupia pasi. Mpaka leo najilaumu kwamba waya ulikuwa mfupi.

Watu walimshauri mdogo wangu adai hiki, adai kile. Hakutaka chochote kati ya hivyo. Alitaka kitu kimoja: jina lake liwekwe kwenye Mchukuzi, pale juu, kwa sababu ndiye aliyeitengeneza. Alimwandikia mara kadhaa kwa adabu zake zile. Yule hakujibu. Akafungua kampuni, akaajiri vijana, akaanza kuvaa makoti yasiyo na kola na kuzungumza redioni kuhusu ubunifu.

Basi siku moja mhariri alimwita mdogo wangu ofisini kwake. Mhariri huyo ni mama wa makamo ambaye miwani yake iko juu ya paji la uso muda wote anapoitafuta. Alikuwa ameshika bahasha.

"Binti, hii imetoka kwenye kampuni ya yule kijana anayejisikia sana redioni," alisema. "Mchukuzi wa Pili. Wanataka Kidole Gumba aieleze kabla ya maonyesho yao. Imeshaingia madukani, na wanasema ni ngumu ajabu, hakuna aliyeimaliza."

Mdogo wangu, kwa kuwa ni yeye, akamwambia ukweli wote. Alivyomjua Yule, alichofanyiwa, mpaka pete. Mhariri akasikiliza, akaipata miwani, akaivaa.

"Kwa hiyo una kisa naye."

"Ninacho, mama. Afadhali umpe mtu mwingine."

"Mtu mwingine gani? Huyo wa michezo anayedhani gemu ni karata?" Akamsukumia bahasha. "Andika. Ila neno moja la uongo likiingia humo, atatumaliza sote. Kila utakachosema kiwe kweli, hata kile kitakachokuchoma."

Aliporudi nyumbani na kunieleza, niliacha cherehani ikiwa katikati ya mshono. Nilifurahi mpaka nikajiogopa. Hatimaye kisu kilikuwa kimeingia mkono unaostahili. Nilianza kumtungia sentensi papo hapo. Nilimpa moja kuhusu mwizi wa chai na sukari, nyingine kuhusu makoti. Akaniambia, "Dada, niache nicheze kwanza."

Alicheza wiki nzima, kila akitoka kazini. Mimi nikawa nashona jicho moja likiwa kwenye kioo, nikisubiri ateme mate. Badala yake akaanza kusifia.

"Muziki mzuri," alisema.

"Usiandike hilo."

"Ni mzuri, dada. Ukikwama unapungua, kama mtu aliyenyamaza ili ufikiri. Hajauiba, kaajiri mtu."

"Basi andika kaajiri mtu."

Akasifia rangi. Akasifia maji yanayopanda pole pole, ambayo ni jambo jipya katika hii ya pili, kwamba ukichelewa kuamua unazama. Nilimwona kama msaliti. Nilimwuliza kama anataka nikamchukulie na ile pete. Lakini alikuwa anatoa kasoro pia, moja moja, kwa sauti ileile tulivu, na hizo nilizinywa kama mtu aliyefunga. Kuruka kumekuwa kuzito. Unabonyeza, kijitu kinafikiri kwanza, ndipo kinaruka, na katika gemu ya namna hii kufikiri ni kazi ya mchezaji siyo ya miguu. Vyumba vya mwanzo vimejazwa miiba isiyo na sababu. "Hapa hakuna fumbo," alisema, "hapa kuna usumbufu. Mtu asiyejua kumfanya mwenzake afikiri anamchoma mguu, halafu anaita ugumu."

Kisha alifika katikati. Ulimi ulirudi ndani. Alipita chumba kimoja haraka haraka, bila kusita, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba yake. Akapita cha pili hivyo hivyo.

"Vyangu," alisema.

Nikasogea na mkasi mkononi.

"Hivi vyote kuanzia hapa ni vyangu. Ni vile nilivyoviweka pembeni. Vingine vilikuwa vibaya kidogo tu, hawa wamevirekebisha vikapitika. Kaishiwa, dada. Kaingia kwenye yale niliyoyatupa."

Nilitamani kulia na kuvunja kitu kwa wakati mmoja. Yeye akaendelea mpaka chumba cha mwisho, kile ambacho redio zote zilikuwa zinakiimba. Kilikuwa kizuri hata kwa macho yangu: mizani mikubwa katikati, kamba, ubao unaoyumba, maji yakipanda chini, na mlango wa kutokea ukiwa juu kabisa, peke yake, kama dirisha la jela. Mdogo wangu alikitazama. Akatua kishikio cha kuchezea mezani. Kisha akacheka, na si kicheko chake ninachokijua. Kilitokea tumboni.

"Hiki hakipitiki," alisema.

"Ni kigumu?"

"Si kigumu. Hakipitiki. Angalia. Mlango uko juu, huufikii bila kupanda juu ya sanduku. Na haufunguki bila sanduku kichwani. Sanduku ni moja. Haliwezi kuwa chini ya miguu na juu ya kichwa. Nilianza na mlango kama kawaida yangu, nikarudi nyuma, nikatia mizani, nikatia kamba, nikitafuta jinsi ya kulivuta lipande. Nilishindwa. Nikaacha."

"Na wao hawajui?"

"Wangejuaje? Mafundi wa programu wana ufunguo wao wa siri wa kupita ukutani, wanautumia kwenda kutazama picha ya mwisho. Kila mmoja anadhani mwenzake alikicheza. Na yeye mwenyewe anajua nimekichora mimi." Akakisogeza kishikio pembeni. "Kwa hiyo hakukijaribu."

Nilimwambia aandike hapo hapo: chumba hakipitiki, mtengenezaji ni mwizi na hajui hata alichoiba. Akatikisa kichwa.

"Nikiandika hivyo kesho atakirekebisha, na keshokutwa atasema ilikuwa hitilafu ndogo, anamshukuru Kidole Gumba. Atanishukuru tena, dada. Kwa herufi ndogo."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hasira anayo. Alikuwa ameihifadhi tu mahali pamoja na kila kitu asichokifuta.

Makala yake ilitoka, na nilikata ukurasa nikaubandika juu ya cherehani. Alisifia alichosifia, alikosoa alichokosoa, hakuna uongo ndani yake hata wa kusingizia. Mwisho aliandika hivi: "Chumba cha mwisho ni kizuri kuliko vyote. Sijakipita, na sijasikia aliyekipita. Mtengenezaji anasema wenye akili watakipita. Mimi ningefurahi kumwona yeye mwenyewe akikipita, mbele yetu, kwenye nakala ile ile tunayoinunua sisi."

Yule alijibu redioni, tena kwa kicheko. Alisema siku ya maonyesho atakipita mbele ya umma, na huyo Kidole Gumba aje, atamwekea kiti cha mbele kabisa ili aone vizuri. Mtangazaji akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la suruali ya mteja, nikajichoma sindano na sikusikia maumivu.

Siku mbili hazikuisha, Yule akafika kwetu. Alikuja mchana kweupe, akasimama mlangoni mwa karakana na koti lake lisilo na kola. Alikuwa amekonda usoni kama mtu anayeumwa jino.

"Shemeji, habari za siku nyingi."

"Ushemeji uliisha," nilimwambia. "Kama una nguo ya kupunguza, weka hapo. Kama huna, barabara iko nyuma yako."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye stuli yake. Akamkaribisha. Ndivyo alivyo. Yule akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kuzunguka mbuyu, oo tumetoka mbali, oo wewe ni kama dada yangu sasa. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie, nikashindwa, nikaacha ili nisikie vizuri.

"Kuna kajitu kanajiita Kidole Gumba kamenichokoza gazetini," alisema hatimaye. "Sasa kile chumba cha mwisho, wewe unakikumbuka. Nimejaribu, vijana wangu wamejaribu, hakuna anayeiona njia. Najua ipo, maana ni kazi yako. Kinapitwaje?"

Hapo nilimeza ulimi wangu karibu uingie wote. Mdogo wangu aligeuza stuli kumwelekea.

"Kwa hiyo unakubali ni kazi yangu."

"Hapa kati yetu, ndiyo."

"Weka jina langu kwenye Mchukuzi ya kwanza. Juu, pamoja na lako. Ulitangaze kabla ya maonyesho. Halafu uje tukae, tukizungumze chumba hicho."

Yule akajikuna shingo. Alisema ataliweka kwenye ya pili, kwa herufi nzuri, sehemu ya washauri. Mdogo wangu akasema ya kwanza. Alisema watu watafikirije, kwamba miaka yote hii alikuwa anadanganya? Mdogo wangu akasema ya kwanza. Alitaja mambo mengine ambayo angempa. Mdogo wangu akashika kishikio chake akaanza kucheza gemu nyingine, na ulimi ukatokeza pembeni ya mdomo.

"Hutaki kuniambia, siyo?" Yule alisimama. "Sawa. Nitaiona mwenyewe. Kama wewe uliiona, mimi itanishinda vipi?"

Alipotoka nilimwuliza mdogo wangu kama amemhurumia hata kidogo. Akafikiri kwa dhati, kama kawaida yake.

"Nilikuwa namhurumia mpaka aliposema washauri," alisema.

Nilimshonea gauni. Huwezi kwenda kwenye jambo kama lile na sketi ya kazini. Nililishona la rangi ya kahawia iliyoiva, limemkaa mabegani kama limezaliwa naye, na kila nilipopiga mshono nilikuwa namtaja Yule kimoyomoyo, simtakii heri.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi, wazazi waliokokotwa na wanafunzi, waandishi, vijana wa kampuni wakiwa na fulana zenye picha ya kijitu na sanduku. Mbele kulikuwa na kitambaa cheupe kikubwa cha kuoneshea, jukwaa, na kiti kimoja kimetengwa mbele ya vyote. Mgongoni kimebandikwa karatasi: KIDOLE GUMBA. Vijana walikuwa wanageuka geuka kumtafuta huyo kaka.

Yule alikuwa jukwaani tayari, anasalimia, anatania. Mdogo wangu akatembea kati ya viti, taratibu, akafika kwenye kile kiti, akaishika ile karatasi, akaisoma kana kwamba anahakikisha hajakosea, kisha akaketi.

Nimeshaona watu wakipigwa na habari za msiba. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Midomo ya Yule iliendelea kusema karibuni sana, lakini macho yalikuwa yamekwama pale kitini, na hakuna kipaza sauti duniani kinachoweza kuficha mtu anapomeza mate. Mimi na mhariri tulikuwa safu ya pili. Niliyala yale macho yake kama chakula.

Angeweza kuahirisha, akasingizia umeme. Lakini aliwekwa pale na domo lake mwenyewe, na watu walikuwa wanapiga makofi wakimhesabia. Akashika kishikio.

Alicheza vizuri, nisimnyime. Akavuka ubao, akatua sanduku kwenye mizani, akapanda kamba. Watu wakashangilia. Akalisukuma sanduku chini ya mlango, akalipanda, akaruka, kijitu kikagusa kizingiti. Mlango haukufunguka. Maji yakapanda, kijitu kikazama, na ule muziki mzuri ukaanza upya.

Akajaribu tena kwa kamba. Akazama. Akajaribu kwa mizani. Akazama. Mwanzoni watu walicheka pamoja naye, kisha wakaanza kumpa ushauri, vuta, sukuma, rudi nyuma, kisha wakanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtamu kuliko kelele zote. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye ile shingo isiyo na kola. Kijana mmoja wa kampuni akamnong'oneza kitu, Yule akamsukuma kwa kiwiko.

Ndipo akachukua kipaza sauti na kujilazimisha kutabasamu.

"Jamani, huyu Kidole Gumba mnayemwona ni rafiki yangu wa zamani. Alinisaidia kidogo kwenye Mchukuzi ya kwanza. Naona anaijua njia. Hebu tumwombe atusaidie tena."

Makofi yakapigwa. Mdogo wangu hakuinuka. Kipaza kingine kikaletwa kitini kwake.

"Mimi sikukusaidia," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba radhi kwenye foleni. "Waambie nilifanya nini, nitakuja."

Nilikalia mikono yangu. Yule alitazama kitambaa cheupe, ambako maji yalikuwa yanapanda tena na kijitu kimesimama kinasubiri. Aliwatazama watu. Nadhani alipima aibu mbili akachagua iliyoonekana ndogo: kukiri, kisha kuoneshwa njia, kisha watu washangilie na kusahau.

"Vyumba alivichora yeye," alisema.

"Vyumba vipi?" aliuliza mhariri kutoka safu ya pili, miwani machoni, kalamu mkononi.

"Vya Mchukuzi. Ya kwanza."

"Vyote?"

"Vyote. Na hiki pia." Akamgeukia mdogo wangu. "Nimesema. Njoo basi."

Jina lake akalitaja, jina kamili, lenye la baba yetu mwishoni, kwenye kipaza sauti, mbele ya umma wote ule. Lilitoka kwenye spika kubwa na kurudi kutoka ukutani. Nilitokwa na machozi bila kuombwa.

Mdogo wangu akapanda jukwaani. Akachukua kishikio, akakisogeza kijitu mpaka chini ya mlango, akakipandisha juu ya sanduku, akakiacha hapo.

"Angalieni," aliwaambia wale wanafunzi. "Mlango unataka sanduku liwe kichwani. Na huufikii mpaka liwe chini ya miguu. Sanduku ni moja. Nilikitafutia njia chumba hiki mpaka nikachoka, sikuipata, kwa sababu haipo. Kilikuwa kati ya vile nilivyovitupa." Akatua kishikio. "Hakipitiki. Msiendelee kujiona wajinga."

Ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, na simu zikainuliwa juu. Mhariri alikuwa anaandika bila kutazama karatasi. Yule alimsogelea mdogo wangu na kusema kwa sauti ya chini, akisahau kwamba kipaza bado kiko mkononi mwake.

"Nilikuja kwako nikakuuliza. Ukakaa pale ukaninyamazia."

"Uliniuliza kinapitwaje," mdogo wangu alisema. "Hukuniuliza kama kinapitika. Hata wazo hilo hukuwa nalo, kwa sababu nilikichora mimi. Uliniamini mpaka huko, na bado ikakushinda kuandika jina."

Akashuka. Nyuma yake maji yakapanda, kijitu kikazama juu ya sanduku lake, na hakuna aliyekigusa. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka watu wakageuka kunitazama, na sikumwomba mtu yeyote radhi.